Profesa Job Bwayo na Ilimu Iliyotoka Majengo

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi habari za maulamaa wa pwani yetu, waliokaa misikitini na madrasani wakasomesha watu hata wakafa. Safari hii twataka kueleza habari za mwanachuoni wa namna nyingine. Hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa mtu wa pwani, na vazi lake la kazi lilikuwa koti jeupe la maabara. Lakini kazi yake imeingia ndani ya nyumba za Waislamu wa Mombasa, Malindi na Lamu, na wengi waliofaidika nayo hawajapata kulisikia jina lake. Mtu huyo ni marehemu Profesa Job Joab Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeuawa mwezi wa Februari mwaka wa 2007.

Tumemchagua kwa sababu. Yako maneno yasemwayo sana barazani, kwamba chuo kikuu ni mahali pa kutolea vyeti tu, na kwamba mambo makubwa ya siha ya wanadamu hukatwa Geneva, London na Washington, kisha sisi tukaletewa chakula kilichokwisha kupikwa. Maneno haya hayakosi ukweli. Lakini baadhi ya vyakula hivyo kuni zake zilitoka kwetu, na sehemu kubwa ya kuni hizo ilitoka katika mtaa mmoja maskini wa mashariki ya Nairobi.

Mtaa wenyewe ni Majengo ya Pumwani. Isidhaniwe kuwa twasema Majengo ya Mombasa, ingawa majina haya ni ndugu. Pumwani ilipangwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika wa Nairobi, na vijiji vya zamani walivyojijengea wenyewe vikavunjwa kimoja kimoja. Pangani kilivunjwa mwisho wa miaka ya 1930, na watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo, hapo hapo jirani. Wenye nyumba wa Pangani na Pumwani wengi wao walikuwa Waislamu, na lugha ya mtaa ilikuwa Kiswahili, hata mpwani aliyepanda gari la moshi kwenda Nairobi kutafuta kazi alijua pa kuuliza njia, pa kusali na pa kufuturu. Na wenye nyumba hao hawakuwa wanaume peke yao. Wanawake waliokimbia njaa, ndoa mbaya au ufukara wa mashambani walijenga nyumba zao wenyewe, kwa mapato ambayo si haja kuyaeleza sana, na wengi katika hao walisilimu. Mji uliojazwa wanaume wa kazi, wake zao wakaachwa vijijini, ndio uliozaa biashara hiyo. Nayo ikazaa, ikakaa, hata baada ya uhuru. Twaitaja si kwa kuihalalisha. Twaitaja kwa kuwa bila ya kuijua, habari ya Bwayo haifahamiki.

Hatutakawia katika utoto wake na masomo yake. Alikuwa daktari Mkenya, akawa mwalimu kisha profesa katika idara ya ilimu ya vijidudu vya maradhi. Katika idara hiyo, mwaka wa 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kushirikiana na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Profesa Herbert Nsanze, aliyekuwa mkuu wa idara, ndiye aliyemwalika Allan Ronald wa Manitoba, na jambo walilotaka kulichungua halikuwa na fahari yoyote: vidonda vya magonjwa ya zinaa, ambavyo Nairobi vilikuwa vingi. Mwaka uliofuata akaja kijana wa Kikanada, Frank Plummer. Walipouliza wagonjwa wao wameambukizwa wapi, njia ikawapeleka mpaka Majengo.

Mwaka wa 1985 damu za wanawake wa kazi hiyo zilipimwa kutafuta ugonjwa ambao Kenya ulikuwa ungali mgeni. Matokeo yalichapwa mwaka wa 1986 katika jarida la madaktari la Marekani. Kati ya wanawake maskini waliopimwa, 66 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Kati ya wenzao wa hali ya juu kidogo, 31 katika kila 100. Zama hizo watu wengi, na wakubwa wa serikali miongoni mwao, walipenda kusema kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu wenye tabia mbaya. Karatasi hiyo moja iliyafuta maneno hayo. Ugonjwa ulikuwa umekwisha ingia, umekaa, na ulikuwa ukipita kati ya waume na wake.

Hapo palikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile ambayo watu wa heshima huipenda: kuwalaani wanawake wale na kuwafukuza, kisha kujiona tumesafisha mji. Ya pili ni kukaa nao. Chuo kikuu kilichagua ya pili. Kliniki ilifunguliwa ndani ya mtaa, na muuguzi Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa naye, akawaita wanawake katika mabaraza, akawafundisha, nao wakachagua viongozi wao. Yaliyopatikana yaliandikwa mwaka wa 1988, na mwaka wa 1991 wachunguzi wakakadiria kwamba kwa kuwafundisha na kuwatibu wanawake 500 tu, maambukizo kati ya 6,000 na 10,000 yalizuiliwa kila mwaka, kwa gharama ya dola 8 hadi 12 kwa kila moja. Sisi hatuwezi kuusifu mpira kuwa ni dawa ya zinaa, na msomaji aijua rai yetu. Lakini katika hao 6,000 walikuwamo wake wa watu waliokaa majumbani mwao kwa stara, na watoto ambao hawajazaliwa. Mwenye kuona kuwa kuwaokoa hao si kheri na atueleze kwa nini.

Kazi ambayo jina la Bwayo lasimama mbele kabisa ni ile ya madereva wa malori. Kila mpwani aijua barabara hiyo. Lori lapakiwa bandarini Kilindini, lapanda Mariakani na Voi, lapita Mtito Andei, lafika Nairobi, kisha laendelea mpaka Malaba, na Kampala, na Kigali. Dereva na taniboi wake hukaa njiani siku nyingi, hungojea karatasi za forodha mipakani, hulala panapolala lori. Bwayo na wenzake hawakuwangojea hospitalini, kwani asiyeumwa haendi hospitali, na aliye safarini haendi hata akiumwa. Waliweka kliniki kando ya barabara kuu, karibu na Nairobi, madereva wakasimama na kutibiwa na kupimwa. Matokeo yalitoka mwaka wa 1994. Watu 970 walipimwa, na 27 katika kila 100 walikuwa na virusi. Ikafahamika wazi kuwa maradhi yale yalisafiri kwa barabara ile ile iliyosafirisha unga, saruji na mafuta, na kuwa mke wa dereva aliyebaki Kisauni au Changamwe alikuwa katika hatari asiyoijua.

Kisha kazi ikaletwa Mombasa yenyewe. Kuanzia mwaka wa 1993 wafanyakazi wa kampuni za malori wa mji huu walifuatwa kwa miaka, wakipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakitibiwa na kuonywa. Katika walioandikwa, wanaume waliosema kuwa wametoka nje ya ndoa zao walipungua kutoka 49 katika kila 100 hadi 36, na waliokwenda kwa makahaba wakapungua kutoka 12 hadi 6. Matumizi ya mpira hayakubadilika. Twawaomba wasomaji wetu wayatazame sana mambo haya, kwani wako wasemao kuwa kumwambia mwanamume aache tabia mbaya ni kupoteza pumzi. Wachunguzi wa Nairobi na wenzao wa Marekani, ambao hawakuwa wahubiri, waliandika kuwa wanaume wa Mombasa walipoelezwa ukweli kwa utaratibu, bila ya kutukanwa, baadhi yao waliacha.

Katika watu hao hao lilionekana jambo jingine, nalo ndilo lililozunguka dunia. Mwaka wa 1989 kikundi cha Nairobi kilikuwa kimekwisha andika katika jarida la Lancet kuwa katika wanaume 293 waliofuatwa, wasiotahiriwa waliambukizwa kwa wingi kuliko waliotahiriwa. Wengi hawakukubali. Walisema huenda ni desturi nyingine za watu hao, wala si tohara. Wanaume 746 wa malori ya Mombasa wakatoa ushahidi wa pili, uliochapwa mwaka wa 1999, jina la Bwayo likiwa miongoni mwa waandishi: asiyetahiriwa alikuwa katika hatari mara 4 ya mwenzake.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwani Waislamu wengi walipoisikia habari hii walifurahi furaha isiyo na maana, wakasema sayansi imeithibitisha sunna. Sunna haikuwa ikingojea jarida la London. Na baya zaidi ni wale vijana waliodhani kuwa wao wametahiriwa basi wamekingwa. Msomaji na akumbuke kuwa katika wafanyakazi hao wa Mombasa wengi walikuwa wametahiriwa, na katika hao pia wako walioambukizwa. Tohara hupunguza hatari, haiondoi. Mwenye kuifanya leseni ya kuzini amekosa katika dini na amekosa katika hesabu.

Jina la Bwayo limo vile vile katika kazi ya akina mama wa Nairobi iliyoongozwa na Dakta Ruth Nduati, iliyoanza mwaka wa 1992 na kuchapwa mwaka wa 2000. Wanawake 425 wenye virusi waligawanywa kwa kura, nusu wakanyonyesha na nusu wakapewa maziwa ya kopo. Walipotimia watoto miaka miwili, katika walionyonya 37 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa, na katika wa maziwa ya kopo 21. Lakini watoto waliokufa katika makundi mawili hawakupitana sana, kwa kuwa virusi vina madhara yake na chupa ina yake, hasa pale maji ya bomba yajapo siku na yasije siku. Jambo hili liliwaumiza vichwa wenye kuandika kanuni za dunia kwa miaka kumi. Mwisho wake, mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani lilikata kuwa mama apewe dawa na aendelee kunyonyesha. Nani angeweza kuliamua hili akikaa ofisini Geneva, asiyepata kumwona mama wa Nairobi akibeba mtungi wa maji?

Sasa tuje kwenye jambo lililomfanya Bwayo ajulikane nje ya nchi. Kule Majengo wachunguzi waliona ajabu. Kati ya wanawake 424 walioingia kliniki bila virusi baina ya mwaka wa 1985 na 1994, 239 waliambukizwa. Lakini walikuwako wachache, wakahesabiwa 43, ambao miaka ilipita, wenzao wakiugua na kufa, na wao damu yao ikawa safi, hali kazi yao ni ile ile. Damu yao ilipochunguzwa pamoja na wataalamu wa Oxford, ilionekana kuwa baadhi yao walikuwa na chembe nyeupe zilizokwisha kuvijua virusi na kujifunza kuzishambulia chembe za mwili zilizoingiliwa. Yaani mwili ulikuwa umekutana na adui na kumshinda. Baadaye ilionekana pia kuwa wengine katika hao, walipoipumzisha kazi kwa muda kisha wakairudia, waliambukizwa, kana kwamba ile kinga yataka kukumbushwa kila mara.

Basi likazuka wazo. Ikiwa mwili waweza kujifunza wenyewe, pengine waweza kufundishwa. Andrew McMichael na Tomáš Hanke wa Oxford walitengeneza chanjo kwa kufuata aina ya virusi iliyoenea Kenya, iitwayo aina ya A, si aina ya B ya Ulaya na Marekani ambayo ndiyo iliyokuwa ikishughulikiwa na wengi. Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha shughuli ya chanjo ya UKIMWI ya Kenya, ijulikanayo kwa jina la KAVI, na Bwayo akawa mkuu wake.

Kabla ya sindano ya kwanza kutiwa Nairobi palitokea ugomvi. Mwaka wa 2000 ilijulikana kuwa washirika wa Uingereza walikuwa wameomba hati ya kuimiliki chanjo ile, na majina ya watu wa Nairobi hayakuwamo. Walioijenga kliniki, waliokaa na wanawake wale miaka kumi na mitano, wakaonekana kuwa ni wachukuzi wa chupa za damu tu. Bwayo na wenzake hawakunyamaza. Walilalamika hadharani, habari ikaandikwa katika magazeti ya Kenya na ya Uingereza, na baadaye ikapatanwa kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi kiwe miongoni mwa wamiliki. Wako waliomlaumu, wakisema atawatia hofu wafadhili. Sisi twaona alifanya lililompasa. Mwanachuoni anayekubali ilimu ya watu wake iandikwe kwa jina la mwingine, kwa kuchelea kukosa msaada, huwafundisha wanafunzi wake utumwa.

Lakini swali hilo lina upande wa pili, nao ni mzito zaidi. Ikiwa Oxford ilikuwa na deni kwa Nairobi, je, chuo kikuu hakikuwa na deni kwa Majengo? Wanawake wale walitoa damu yao mwaka baada ya mwaka. Walitibiwa maradhi madogo, walipewa mafunzo, na walikuwa na wa kuwasikiliza, na hayo si haba. Hata hivyo kwa miaka mingi dawa za kuvizuia virusi zilikuwako Ulaya na Marekani, na wao hawakuzipata kwa sababu ya bei yake, wakafa, na majina yao yakabaki nambari katika majarida yaliyowapandisha wengine vyeo. Ni katika miaka ya 2000 ndipo dawa zilipoanza kuwafikia. Hatusemi kuwa Bwayo ndiye aliyezizuia. Yeye hakuwa na funguo za hazina hiyo. Twasema kuwa hesabu hii haijafungwa, na kila mwenye kuisifu kazi ya Majengo aitaje.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2001 chanjo ilianza kujaribiwa Nairobi, kwa watu wachache wazima wa afya waliojitolea. Uvumi ulienea mitaani kuwa wachanjwa wanatiwa UKIMWI. Ikabidi kueleza, na kueleza tena, kuwa ndani ya sindano ile hamkuwa na virusi vizima, bali vipande vidogo tu vya mfano wake, visivyoweza kuzaana. Jaribio la kwanza halikuwa la kujua kama chanjo yakinga. Lilikuwa la kujua kama haidhuru na kama mwili waitikia. Ikaonekana haidhuru. Kuitikia, mwili uliitikia kidogo mno. Mwaka wa 2004 waliosimamia kazi hiyo wakaiacha chanjo ile.

Gazeti la siku hizi lingeandika kuwa Bwayo alishindwa. Hivyo ndivyo wasemavyo wasiojua ilimu inavyopatikana. Nairobi ilikuwa imepata maabara yenye kukubalika na dunia, madaktari waliofundishwa kuendesha majaribio kwa kanuni, na watu waliojifunza kuuliza kabla ya kutia sahihi. Majaribio mengine yakafuata katika jengo lile lile. Bwayo mwenyewe aliendelea na kazi.

Aliuawa Februari 2007, viungani mwa Nairobi, akiwa ndani ya gari na watu wake. Waporaji wa magari walimpiga risasi. Hawakujua ni nani, wala wasingejali. Mkewe alijeruhiwa. Siku hizo mauaji ya namna hiyo yalikuwa mengi, na hili lilikuwa moja tu katika habari za wiki.

Mwezi uo huo jarida la Lancet lilichapa jaribio kubwa la Kisumu. Vijana 2,784 walikuwa wamegawanywa kwa kura, nusu wakatahiriwa mara moja na nusu wakaambiwa wangoje. Mwezi wa Desemba 2006 wasimamizi walikuwa wamelisimamisha kabla ya wakati wake, kwa kuwa waliotahiriwa waliambukizwa chini ya nusu ya wenzao, na ikaonekana ni dhuluma kuendelea kuwangojesha wale wengine. Jambo lililokisiwa kwa wanaume wa Nairobi na kuonekana tena kwa madereva wa Mombasa likawa limethibiti. Tarehe 28 Machi 2007, wiki chache baada ya Bwayo kuzikwa, Shirika la Afya Duniani na idara ya Umoja wa Mataifa ya UKIMWI zilitangaza kuwa tohara ya wanaume iwekwe katika njia za kupambana na ugonjwa huu, na mwaka wa 2008 Kenya ikaanza kuieneza, hasa Nyanza.

Kazi ya KAVI ilishikwa na Profesa Omu Anzala, aliyekuwa pamoja na Bwayo tangu awali. Frank Plummer, aliyekuja kijana mwaka wa 1981, alifariki Nairobi Februari 2020, alikokwenda kwa maadhimisho ya miaka arubaini ya ushirikiano ule. Elizabeth Ngugi alikuwa amemtangulia mwaka wa 2015. Wanawake wa Majengo waliosalia katika wale wa kwanza ni wazee sasa, na baadhi yao huswali katika misikiti ya Pumwani pamoja na jirani zao.